Kwaya Inamsaidia Nini Mtu Aliyepoteza Kila Kitu?

Mgeni akifika Base Camp Jumamosi alasiri, hachelewi kuuliza swali hili. Base Camp ndiyo kitovu cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Hapo kuna ofisi, soko, maduka ya Wasomali, vibanda vya kutuma na kutoa pesa, na bodaboda na magari yanayoita abiria wa Mbarara. Katikati ya vurugu hizo yamesimama makanisa ya mabati, ya udongo na ya maturubai, na ndani yake kwaya zinafanya mazoezi kwa Kiswahili cha Kivu, Kinyamulenge, Kibembe, Kirundi, Kinyarwanda na Kifaransa. Watu hawa wamepoteza mashamba, ng'ombe na ndugu. Tangu mwaka 2020 mgao wao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa. Sasa kwaya inawasaidia nini?

Majibu mawili ndiyo yanayotolewa sana. La kwanza linasema kwaya ni faraja: moyo uliojeruhiwa huimba ili upoe. La pili, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, ni kwamba huko ni kupoteza muda, kwa kuwa saa za mazoezi zingetosha kulima au kujifunza ushonaji. Naona majibu yote mawili yanakosea mahali pamoja. Yanamtazama mwimbaji mmoja mmoja na kuuliza anapata nini moyoni au mfukoni. Kwaya ni kundi, na kazi yake kubwa inaonekana kwa kundi: huwawezesha watu waliotawanywa kuendelea kuwa watu waliokusanyika. Sura hii inatetea hoja hiyo. Itabidi tuanzie mbali, Uingereza ya miaka zaidi ya 400 iliyopita, kwa sababu huko jambo lenyewe linaonekana waziwazi: waliohusika walikuwa wachache, sheria zilikuwa kali, na muziki wao umebaki kwenye karatasi.

Mtunzi wa malkia aliyesali mafichoni

William Byrd alizaliwa karibu na mwaka 1540 na kufariki mwaka 1623. Aliishi mwishoni mwa Renesansi, kile kipindi cha takriban mwaka 1400 hadi 1600 ambapo sanaa na elimu za Ulaya zilichipuka upya. Mwaka 1572 aliingia katika kwaya ya Kanisa la Kifalme, kwaya ya Malkia Elizabeth wa Kwanza mwenyewe. Mwaka 1575 yeye na mtunzi mzee Thomas Tallis walipewa na malkia haki ya kuwa wao peke yao wenye kuchapa muziki nchini kwa miaka 21. Kwa hiyo alikuwa mtu wa ikulu, tena wa karibu.

Lakini Byrd alikuwa Mkatoliki, na Ukatoliki ulikuwa umepigwa marufuku. Sheria ya mwaka 1559 ilimtoza shilingi moja kila asiyehudhuria kanisa la serikali Jumapili. Mwaka 1581 faini ilipandishwa hadi pauni 20 kwa mwezi, kiasi ambacho fundi wa kawaida hakukipata hata kwa mwaka mzima. Mwaka huohuo padri Mjesuiti Edmund Campion alinyongwa hadharani London. Kufikia mwaka 1585, padri aliyepewa upadrisho ng'ambo alihesabiwa mhaini kwa kuonekana tu nchini, na aliyemficha alistahili kifo. Byrd na mkewe Juliana walishtakiwa mara kadhaa kwa kutokwenda kanisani. Hakufungwa, na inaelekea upendeleo wa malkia ulimkinga, lakini kinga ya aina hiyo hukaa mkononi mwa mtu mmoja na huondoka naye.

Katika hali hiyo, kati ya mwaka 1592 na 1595, alichapa misa tatu: moja ya sauti nne, moja ya sauti tatu, moja ya sauti tano. Misa kwa maana ya muziki ni zile sehemu tano za ibada ya Kikatoliki zisizobadilika, zikiwa zimewekewa sauti za kuimbwa. Vitabu vyenyewe vilikuwa vyembamba. Havikuwa na ukurasa wa jina, wala mwaka, wala jina la mchapaji. Kitu kimoja hakikufichwa: juu ya kurasa lilichapwa jina la Byrd. Mtu mwenye hofu tupu asingeliweka, na mtu asiye na hofu kabisa asingeondoa ukurasa wa kwanza. Vitabu hivyo ni vya mtu aliyepima hatari yake na kuamua ni ipi ataibeba.

Wakati huo alikuwa amehamia Stondon Massey, kijiji cha Essex, karibu na nyumba ya Sir John Petre, Mkatoliki tajiri wa Ingatestone. Nyumba ya Petre ipo hadi leo, na ndani ya kuta zake kuna vishimo vilivyojengwa kuwaficha mapadri. Misa za Byrd ziliimbwa katika nyumba za namna hiyo, milango ikiwa imefungwa. Mjesuiti William Weston aliacha maelezo ya siku kama 8 alizokaa katika nyumba moja ya mafichoni mwaka 1586, Byrd akiwapo. Anasema kulikuwa na kinanda na waimbaji wanaume kwa wanawake. Katika Kanisa la Kifalme waliimba wanaume na wavulana tu. Marufuku yaliondoa jengo, kwaya rasmi na mishahara, na waliobaki wakaunda kwaya ya wale waliokuwapo, akina mama wa nyumba wakiwa ndani yake.

Sauti nne, vitabu vinne

Ili hoja ieleweke, lazima tujue muziki huu umejengwaje. Unaitwa polifonia, yaani muziki wa sauti nyingi zinazokwenda pamoja, kila moja ikiwa na njia yake. Katika wimbo wa kawaida wa ibada soprano hubeba wimbo, na alto, tena na besi humsindikiza. Katika polifonia ya Byrd hakuna msindikizwaji. Sauti moja inaanza na neno, ya pili inalichukua neno hilohilo kwa namna yake, ya tatu inaingia wakati ya kwanza imeshafika mbele, na kila mmoja anapaswa kumsikiliza mwenzake ili ajue mahali pake.

Siku hizo waimbaji hawakutumia karatasi moja yenye sauti zote. Kila sauti ilikuwa na kitabu chake. Mwenye kitabu cha tena aliona noti za tena tu: ukurasa wa mistari, mapumziko marefu yasiyo na maelezo, kisha neno moja lililorudiwa. Peke yake kitabu hicho hakiimbiki kikaeleweka. Misa nzima haikuwapo mahali popote isipokuwa pale waimbaji wanne walipokaa chumba kimoja kwa wakati mmoja. Muziki wa namna hii unawadai watu wakutane, na katika nchi ambayo kukutana ndiko kosa lenyewe, kuutunga ni kuandika wito wa mkutano.

Chukua sehemu ya mwisho ya misa ya sauti nne, inayomwomba Mwanakondoo wa Mungu amani. Byrd anaanza na sauti mbili tu, soprano na alto. Mara ya pili anaimbisha tatu. Mara ya tatu wote wanne wanaingia, na wanapofika kwenye ombi la amani lenyewe anafanya jambo ambalo hata asiyesoma noti atalisikia. Sauti moja inang'ang'ania noti yake wakati wenzake wameshahama. Noti hiyo, iliyokuwa tamu punde tu, sasa inagongana na jirani yake na kuuma, kisha inashuka hatua moja na maumivu yanaisha. Kabla sikio halijapumzika, sauti nyingine imeshafanya hivyohivyo. Amani inaombwa kwa mfululizo wa migongano, kila mmoja akiwa mara mwenye kuumiza, mara mwenye kumpisha mwenzake. Kipande hicho hakiwezi kuimbwa na mtu mmoja, awe na kipaji gani.

Kwa kifupi: polifonia ya Byrd ilikuwa na mambo mawili yaliyowafaa watu wanaobanwa. Maneno yake yalijulikana na wote tangu utotoni, kwa hiyo hayakuweza kunyang'anywa. Na umbo lake lilihitaji watu kadhaa wanaosikilizana, kwa hiyo kila uimbaji ulikuwa kusanyiko.

Zaburi iliyovuka mipaka

Hati za zamani zinaeleza kwamba mwaka 1583 Byrd alipokea wimbo kutoka kwa Philippe de Monte, mkuu wa muziki katika ikulu ya Kaisari huko Prague. De Monte aliwahi kufika London mwaka 1554, katika msafara wa Philip wa Uhispania, na aliijua nchi ilipokuwa ya Kikatoliki. Alichotuma kilikuwa moteti, yaani wimbo wa sauti nyingi wenye maneno matakatifu yasiyo sehemu ya misa. Ulikuwa wa sauti nane, kwa maneno ya Zaburi ya 137, zaburi ya watu waliohamishwa kwa nguvu, wanaoketi kando ya mito ya Babeli na kudaiwa na waliowateka wawaimbie nyimbo za kwao. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu zaburi hiyo hata wasioshika Biblia, kwa sababu Boney M waliipeleka kila ukumbi wa dansi mwaka 1978.

Mwaka uliofuata, 1584, Byrd alijibu kwa moteti yake ya sauti nane. Hakuanza pale de Monte alipoanzia. Alianza na mstari wa nne, mahali ambapo mateka wanauliza watauimbaje wimbo wa Mungu wao katika nchi isiyo yao. Kujibu swali hilo kwa wimbo uliofumwa kiustadi kiasi kile, sauti tatu kati ya nane zikifuatana kwa kanoni, yaani kila moja ikirudia kwa mpangilio ilichoimba iliyotangulia, ni jibu tosha. Barua ingeweza kukamatwa njiani na kusomwa mahakamani. Zaburi ilikuwa maandiko ambayo kanisa la malkia nalo liliyasoma. Hakuna hakimu ambaye angeweza kuishtaki Zaburi.

Kuna jambo katika moteti hiyo nitalirudia mbele. Zaburi ya 137 inaishia pabaya. Baada ya kilio na kiapo cha kutoisahau Yerusalemu, inamwomba Mungu awakumbuke wana wa Edomu, waliofurahia mji ulipobomolewa, kisha inafikia kuwatakia watoto wa Babeli kifo cha kikatili. De Monte hakuimba lolote kati ya hayo. Byrd alifika kwa Edomu, akaishia hapo.

Namirembe na Nkamba

Tukirudi nyumbani, tunakuta jambo hilihili likifanywa na watu ambao huenda hawakuwahi kulisikia jina la Byrd. Tarehe 31 Januari 1885, vijana watatu Wakristo, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Sserwanga, waliuawa kwa kuchomwa Busega, nje kidogo ya Kampala, kwa amri ya utawala wa Kabaka Mwanga. Kumbukumbu ya kanisa inasema walikufa wakiimba wimbo wa sifa kwa Kiganda waliofundishwa na wamisionari. Miaka 92 baadaye, tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na serikali ya Idi Amin. Ibada ya kumkumbuka ilikatazwa na mwili wake ukapelekwa Mucwini, kaskazini, mbali na kanisa kuu la Namirembe. Jumapili tarehe 20 watu kwa maelfu walifika Namirembe hata hivyo. Kando ya kaburi la Askofu Hannington lilikuwapo kaburi lililochimbwa na kubaki tupu. Wakalizunguka na kuimba wimbo uleule wa vijana wa 1885. Serikali ilikuwa imekataza ibada. Wimbo ambao kila mtu aliujua kwa moyo haukuhitaji kibali, mhubiri wala jeneza, na palipokosekana vyote hivyo kusanyiko bado lilipatikana.

Upande wa Kongo mfano ulio wazi zaidi ni wa Simon Kimbangu. Alianza kuhubiri na kuponya Nkamba mwezi Aprili 1921. Mwezi Septemba Wabelgiji walikuwa wameshamkamata, na Oktoba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, adhabu iliyobadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu, familia kwa familia, hadi mikoa ya mbali. Mwanzoni waliimba nyimbo za wamisionari, kisha wakaanza kuwa na nyimbo zao, ambazo kanisa lao linaziita nyimbo zilizopokelewa, kwa kuwa wanaamini waimbaji hupewa katika ndoto na maono. Serikali ya kikoloni iliwatawanya ili harakati ife. Ilichofanya ni kuwapeleka watu wenye nyimbo zilezile katika kila pembe ya nchi. Kanisa lilipotambuliwa rasmi tarehe 24 Desemba 1959, liliibuka likiwa zima.

Kile ambacho kwaya ya Nakivale imekijenga

Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo ina watu zaidi ya 150,000, wengi wao Wakongo, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Mkimbizi anafika kituo cha mapokezi cha Kabazana, anaandikishwa, anapewa kiwanja na vifaa vya kujengea, na kuanzia hapo ni namba katika orodha ya mgao. Sisemi hivyo kuwalaumu wanaoandikisha. Watu wengi kiasi hicho hawalishwi bila orodha. Lakini orodha humjua mtu kwa ukubwa wa kaya yake tu, na kwaya inamjua kwa njia nyingine. Kwaya ya kawaida ya Kikongo au Kirundi, hata ile inayosali chini ya turubai, huwa na haya:

- mwenyekiti, katibu na mweka hazina waliochaguliwa na wenzao;
- siku za mazoezi zisizobadilika, na daftari la mahudhurio;
- mchango mdogo wa kila mwezi, na sare inayonunuliwa kwa mchango huo;
- mwalimu wa kwaya, ambaye neno lake ni la mwisho kwenye noti;
- wajibu wa kwenda msibani, kumtazama mgonjwa, na kusimama na mwenzao anayeoa au kuolewa.

Mtu aliyekuwa diwani kwao, au mwalimu mkuu, au mzee wa ukoo, na ambaye hapa amekuwa mpokea mahindi, katika kwaya ni katibu. Msichana asiye na mama ana akina mama wa soprano. Siku ya msiba, kundi linalofika la kwanza likiwa na kuni na maji mara nyingi ni la kwaya. Hivi ndivyo vitu ambavyo vita vilivunja: uongozi wa kuchaguana, ratiba, hazina, na deni la kutembeleana.

Sheria nayo ina sehemu yake. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ni ya ukarimu kuliko nyingi. Inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, ya kwenda atakako kwa masharti machache, na ya kujiunga na vyama, mradi visiwe vya kisiasa wala vya kutafuta faida. Inamkataza kujihusisha na siasa. Sababu inaeleweka, kwani Uganda imepakana na baadhi ya nchi ambazo watu hawa wamezikimbia. Lakini jambo kubwa lililowatokea wakimbizi hawa, lile lililowatoa Minembwe, Fizi, Masisi au Bujumbura, ni la kisiasa toka mwanzo hadi mwisho. Waliseme wapi? Kwaya inakaa katika nafasi iliyobaki. Ikiimba kuhusu Misri na kutoka Misri, kuhusu Ayubu, kuhusu mji uliobaki ukiwa, kila aliye ndani anajua mji gani unatajwa, na hakuna kifungu kilichovunjwa. Byrd naye alifanya hivyo. Katika moteti zilizochapwa mwaka 1589 aliombolezea Sayuni iliyokuwa jangwa, sauti zote zikishuka na kutamka pamoja taratibu, na Mkatoliki wa Kiingereza hakuhitaji kuelezwa Sayuni iko wapi.

Hata hivyo kuna tofauti kubwa, na kwangu ndiyo inayoifanya kwaya ya Base Camp istahili sura nzima. Byrd alifumba maneno ili serikali isisikie. Nakivale maneno yanafumbwa hasa kwa ajili ya jirani. Kiwanja kimoja kinaweza kuwa cha Mnyamulenge, cha pili cha Mbembe, cha tatu cha Mrundi ambaye kaka yake alipigana upande mwingine. Wimbo unaotaja jina la kabila lililochoma kijiji ungekuwa wa kweli, na ungevunja mtaa kabla jua halijatua. Wimbo unaomlilia Mungu kwa maneno ya zaburi unaacha kila mmoja alete maiti zake bila kumnyooshea kidole aliyeketi benchi la nyuma. Kuna watakaosema huko ni kuficha ukweli. Mimi naona ni kuutunza hadi patakapopatikana mahakama, kwa kuwa benchi la kanisa si mahakama.

Gharama ya kutofumba ilionekana katika maisha ya Kizito Mihigo, mtunzi Mkatoliki wa Rwanda, mpiga kinanda aliyeokoka mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mwaka 2014 alitoa wimbo uliowahurumia waliouawa wote, hata kwa njia ambazo hazikuitwa mauaji ya kimbari. Wimbo ulipigwa marufuku. Muda mfupi baadaye alikamatwa, akahukumiwa miaka 10 kwa kula njama dhidi ya serikali, akasamehewa mwaka 2018, akakamatwa tena Februari 2020 karibu na mpaka wa Burundi, na tarehe 17 mwezi huo polisi walitangaza kwamba amejiua mahabusu. Mashirika ya haki za binadamu yalidai uchunguzi huru. Alikuwa ametunga kwa maneno yake mwenyewe, na hakuwa na zaburi ya kujikinga nayo.

Mapingamizi matatu

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wanaojua historia. Muziki huu wa sauti nne, wanasema, ni wa watawala. Uliletwa na wamisionari waliokataza ngoma, na kabla yao ulifika pwani na Wareno. Ni kweli, tena ukweli wake ni mkali kuliko wanavyousema. Ujenzi wa Ngome ya Yesu ya Mombasa ulianza mwaka 1593, katika miaka ileile ambayo misa za Byrd zilikuwa zikichapwa kwa siri, na mwaka 1597 Waagustino walianzisha nyumba yao ya kitawa mjini humo. Imani ileile na ibada ileile ya Kilatini, kule Essex zilikuwa za waliojificha na Mombasa zilikuwa za wenye mizinga. Kwa hiyo sisemi kwamba polifonia ina asili ya kuwatetea wanyonge. Haina. Nasema ni chombo kinachokusanya watu, na anayekishika ndiye anayeamua ni watu gani. Afrika Mashariki imekishika zamani. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda aliwatungia mashahidi wa Uganda oratorio, yaani simulizi takatifu ndefu ya kuimbwa, kwa midundo na lugha ya Buganda, katika mwaka wa 1964 ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu. Na kwaya za Kikongo zilishaongeza gitaa, ngoma na mwendo wa miguu kwenye kile walichofundishwa kwa solfa, ule mtindo wa kuandika noti kwa herufi za do, re, mi, bila kumwomba mtu ruhusa.

La pili linasema nyimbo huwalaza watu, wakavumilia ambacho wangepaswa kukipinga. Kama ingekuwa hivyo, watawala wangezigharimia. Wabelgiji wasingewafukuza makwao watu wa Kimbangu, na mwaka 1605, baada ya njama ya kulipua bunge, asingekamatwa London Mfaransa Charles de Ligny kwa kukutwa na kitabu cha muziki wa Byrd. Hapa lakini lazima nikiri mipaka ya hoja. Wimbo haubadilishi sheria. Wakatoliki wa Uingereza walirudishiwa haki zao nyingi za kiraia mwaka 1829, miaka zaidi ya 200 baada ya Byrd kufa, na waliozipata ni wanasiasa na kura. Muziki ulifanya jambo la kutangulia: ulihakikisha kwamba sheria ilipobadilika, bado walikuwapo watu wa kuzipokea haki hizo.

La tatu ndilo zito, na asiyelijibu hana haki ya kusifu kwaya mbele ya watu wa Maziwa Makuu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba nchini Burundi karibu na mpaka wa Kongo, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa. Kundi la waasi la FNL lilikiri kuhusika. Walionusurika walieleza kwamba washambuliaji walikuja wakipiga ngoma na kuimba nyimbo za dini. Kila mwaka tarehe hiyo Wanyamulenge hukusanyika kuwakumbuka wafu wao, na kwaya huimba. Nyimbo za dini ziko pande zote mbili za usiku ule.

Siwezi kulifuta hilo, na hoja yangu inabidi ipungue ili isimame. Kuimba pamoja kunawafanya watu kuwa kundi. Hakuwafanyi kuwa kundi jema. Kinachoamua ni maneno wanayokubaliana kuimba, na mahali wanapokubaliana kukomea. Ndiyo maana kile kikomo cha Byrd kina maana. Edomu katika Biblia ni kizazi cha Esau, ndugu wa Yakobo. Ni jirani, tena wa damu, aliyesimama akitazama nyumba ya nduguye ikiungua. Byrd alikuwa na Waedomu wake, Waingereza wenzake waliofurahia Campion aliponyongwa. Alimwomba Mungu awakumbuke, maana kujifanya hawakuwapo kungekuwa uongo. Mistari ya kulipiza kisasi, iliyokuwa mbele yake kwenye ukurasa uleule, hakuipa sauti. Mwalimu wa kwaya wa Base Camp anayechagua nyimbo za Agosti 13 yuko mbele ya uamuzi huohuo, na yeye Edomu anaweza kumwona kwa macho, akiteka maji bombani.

Sauti zinapopungua

Kwa nini Byrd alitunga misa tatu, za sauti tatu, nne na tano? Sababu za kisanaa zipo, lakini iko moja ya kawaida sana. Katika nyumba za mafichoni hakuna aliyejua Jumapili ijayo watakuwapo wangapi. Mmoja amekamatwa, mmoja amekimbilia ng'ambo, mwingine njia imekuwa ya hatari. Misa ya sauti tatu huimbika hata nyumba ikiwa na watu watatu.

Nakivale waimbaji nao huondoka. Familia inapata nafasi ya kuhamishiwa Marekani, Canada au Australia, na kwaya inapoteza tena wawili na soprano kwa ndege moja. Kijana anakwenda Mbarara kutafuta kibarua mgao unapokatwa. Mwingine anaamua kurudi Kongo bila kuaga. Wanaopanga uhamisho huhesabu kaya, na hilo ni sahihi, ila hakuna mahali katika fomu panapoonyesha kwamba anayeondoka ndiye pekee aliyejua besi ya nusu ya nyimbo. Upande wa pili, wapya wanaendelea kufika Kabazana. Mwanamume aliyejifunza wimbo wa ibada Uvira au Baraka anakuja na besi yake kichwani, na anaweza kusimama safu ya nyuma hata kabla ya kuoneshwa kiwanja. Hadi atakapofika huyo, mwalimu hupanga upya: alto mmoja mwenye sauti nzito anateremshwa kwenye tena, wimbo wa sauti nne unaandikwa upya ubaoni kwa sauti tatu, na mazoezi ya Jumamosi yanaanza saa ileile.